Simbi Nyaima: heroe safi, mwongozaji hapana

Ziara ya Simbi Nyaima, ziwa la kasoko karibu na Kendu Bay, Kenya, iliuzwa kama "ndege na simulizi za ziwa takatifu". Ndege tuliwaona. Simulizi tulinyang'anywa mchana kweupe.

Haki yake nimpe kwanza, maana kijana yule mwongozaji ndege anawajua. Tukiwa bado juu ukingoni mwa kasoko alishamtoa heroe mkubwa ndani ya kundi la heroe wadogo, kwa kutazama mdomo tu: mdogo ana mdomo mwekundu uliokolea, mkubwa wake wa waridi wenye ncha nyeusi. Akaeleza wanavyogeuza kichwa juu chini kuchuja mwani, na kwa nini maji ya magadi kama haya huwavuta, hasa tangu Ziwa Nakuru lilipofurika na chakula chao huko kikapungua. Hadi hapo nyota zote zilikuwa zake.

Ikafika zamu ya hadithi. Akatoa simu, akasoma: hapo kale palikuwa na kijiji, mwanamke mzee akanyimwa chakula, mvua ikanyesha, kijiji kikazama, asanteni, twendeni garini.

Bibi mmoja aliyekuwa akikusanya magadi hapo karibu akacheka. "Mwanangu, mbona yule mke umemwacha?" Akaanza kutusimulia. Watu walikuwa kwenye pombe na ngoma, kila mlango ukamfukuza yule mgeni, isipokuwa mwanamke mmoja aliyemwotesha moto na kumlisha. Mgeni akamwonya ahame usiku uleule. Mke akakimbilia ngomani kumwita mumewe, na mume...

"Mama, hebu tuache tufanye kazi." Tena na mkono juu, kama anayefukuza kuku.

Jamani! Kumfukuza mwanamke mzee, na umfukuzie Simbi Nyaima! Mahali pengine pote ningesema ni utovu wa adabu tu, nikanyamaza. Pale nilitazama mawingu.

Nilibaki nyuma makusudi. Nikamwamkia, nikaomba radhi, akanimalizia: mume aligoma kuiacha pombe, mke akaondoka bila yeye. Nilikuwa na maswali mengine, lakini honi ilikuwa inalia huko juu, na nilipopanda gari niliambiwa nachelewesha wenzangu. Hao wenzangu nao walitaka kujua mume alisema nini!

Nimewalalamikia baadaye wenye ziara. Jibu: wenyeji hawamo kwenye kifurushi. Hawamo! Kwa hiyo hadithi ni ya nani, ya simu?

Nilikuwa nimeweka nyota tatu kwa ajili ya heroe. Lakini heroe si mali yao, wangekuwepo hata gari lile lisingefika. Nimeshusha hadi moja. Ukitaka kwenda, shukia Kendu Bay, chukua bodaboda, ziwa si mbali, na njia ya kulizunguka kwa miguu ipo. Ukimkuta mzee, msalimie kabla hujainua kamera. Darubini tu ndiyo utaikosa. Zile zao, lazima niseme, ni nzuri sana. Haya, moja na nusu.