Kilimanjaro Safaris na watoto wadogo: dakika 20 zinawatosha

Mtu aliyezaliwa Kagera kulipa kiingilio Florida ili akamwone twiga ni kichekesho, na ndugu zangu kwenye grupu la WhatsApp hawakuniacha. Wacheke tu. Nina binti wa miaka minne na mdogo wake ambaye bado anavaa nepi. Kwa umri huo, Kilimanjaro Safaris, safari hii ya lori kati ya wanyama hai ndani ya bustani ya burudani ya Disney's Animal Kingdom, naiona inawafaa kuliko kuwazungusha Serengeti kutwa nzima, vumbi puani, mkimsaka chui ambaye hata akipatikana mtoto anaambulia kuona mkia.

Kinachonifanya niseme hivyo ni muda. Mzunguko mzima ni kama dakika 20, labda mnyama aamue kusimama barabarani. Sisi tulisimamishwa na twiga. Alisogea karibu na lori akitafuna kwa kubiringisha taya, ulimi mweusi ukitoka na kurudi, na mdogo akabaki mdomo wazi na biskuti yake imelowa mkononi. Dereva hakuharakisha wala kupiga honi. Simu mfukoni nikaisahau kabisa.

Hakuna kipimo cha urefu, kwa hiyo hata mtoto mchanga anapanda, na walio chini ya miaka 3 hawalipiwi tiketi ya kuingia. Lori lina paa na mabenchi marefu, pembeni wazi. Watoto wote wakalishe katikati yenu, mbali na ukingo. Barabara inarusha kwelikweli. Ni zege lililofinyangwa lifanane na njia ya matope, makorongo na mashimo yake yamewekwa makusudi. Watoto wanacheka kila shimo. Mwenye mgongo mbovu ajiandae.

Mnaanzia msituni, kwa okapi na kifaru mweusi, kisha viboko na mamba, halafu uwanda wa nyasi unafunguka: twiga, nyumbu, tembo, heroe, duma, simba juu ya mwamba. Uzio hauonekani, kwa kuwa wanyama wametenganishwa kwa mitaro na maji yaliyofichwa. Binti yangu akauliza simba akiruka itakuwaje. Nikamwonyesha bonde lililo kati yetu, akaridhika nusu. Mibuyu mikubwa mingine ni ya kutengenezwa, lakini nisingeambiwa ningeapa ni ya Dodoma.

Kilichonivunja mbavu ni ng'ombe wa Ankole. Lori zima lilisimama wima kupiga picha pembe! Kwetu Karagwe ng'ombe hao unawapisha njiani ukienda dukani, na hapa wazungu wanahema kana kwamba wameona kifaru. Na mimi nikapiga picha, nikairusha kule kule kwenye grupu.

Sasa mambo ya maana kwa mzazi. Kigari cha mtoto hakiingii kwenye lori, kinaachwa nje kwenye maegesho yake, basi chukua begi la nepi na maji kabla hamjaingia foleni. Wapeleke watoto chooni kwanza. Foleni ikirefuka, ukitoka umepoteza nafasi, na ndani ya lori hakuna kushuka. Kuna njia ya kulipia ya kupunguza kusubiri, lakini ukiwahi geti likifunguliwa huihitaji. Asubuhi ndiyo bora pia kwa sababu ya joto: mchana wa kiangazi Florida hata simba anageuka gogo, na mtoto aliyekosa usingizi hana subira na gogo.

Usimwahidi mtoto mnyama fulani. Mwambie tu ataona wanyama wakubwa na wadogo, basi, maana kila mzunguko una bahati yake. Abiria wa lori la nyuma yetu walimkuta duma amesimama. Sisi tulipata sikio.

Mkishuka, msikimbilie kivutio kingine cha foleni. Njia ya miguu ya Gorilla Falls iko hapo hapo mnapotokea. Sokwe wakubwa wanaonekana kupitia vioo virefu vinavyoanzia chini, urefu wa mtoto, kwa hiyo mikono yenu inapumzika kubeba. Hapo ndipo wa kwangu walipokaa muda mrefu kuliko ndani ya lori lenyewe, na ni bure ukishaingia.