Darasa la jioni la Java mjini Moshi: linafaa kwa anayeanza kabisa

Darasa hili la jioni nalipendekeza kwa moyo mmoja kwa yeyote ambaye hajawahi kuandika programu kwa Java, ambayo ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa kuwa mwalimu haanzi na fasili za kukariri, bali anamwonyesha mwanafunzi obyekti, yaani kitu ndani ya programu chenye habari zake na kazi zake, ikifanya kazi. Mfano wake ameutoa kwenye mizani ya kahawa ya chama cha msingi. Kila mkulima ni obyekti iliyoundwa kutoka klasi moja, yaani kielelezo cha kuundia obyekti, iitwayo Mkulima. Fildi zake, jina na kilo, hutunza habari zake, na methodi yake, pokeaKahawa, huongeza uzito uliopimwa kwenye kilo zilizokwisha kupokelewa.

Kipindi bora kuliko vyote ni kile ambacho wakulima wawili waliundwa, kisha methodi ikaitwa kwa mmoja wao tu kwa uzito wa 40.5. Skrini ilionyesha 40.5 kwa yule wa kwanza na 0.0 kwa wa pili, kwani katika Java fildi ya namba ambayo haijapewa thamani huanza na sifuri. Mwalimu akaongeza neno static mbele ya fildi ya kilo, akaiendesha programu ileile, na wakulima wote wawili wakasomeka 40.5, maana fildi hiyo sasa ilikuwa mali ya klasi nzima. Darasa lilichangamka, mama mmoja aliuliza kwa mshangao ni vipi mzigo wa jirani umeingia kwenye hesabu yake, na swali hilo lilitufundisha kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

Kasoro ninayoiona ni kwamba neno private, linalozuia fildi kuguswa moja kwa moja kutoka nje ya klasi yake, linachelewa mno. Fildi inapoachwa wazi, mtu anaweza kuandika kilo ni -20 bila kupitia methodi yoyote, na programu ikakubali. Kwa maoni yangu ulinzi huo ungefundishwa mara tu baada ya methodi ya kwanza. Historia imeguswa kwa ufupi, kuanzia Simula, lugha ya awali ya obyekti ya Dahl na Nygaard wa Norwei, hadi Java ya mwaka 1995, na inatosha.

Kompyuta hutumiwa na watu wawili wawili, hivyo mwenye yake ni vyema aje nayo. Aliyekwisha kujiandikia klasi zake mwenyewe atafute kozi ya ngazi ya juu.