Filamu za bei nafuu za Michael Powell: uzoefu wangu

Wengi wanamjua Michael Powell, mwongozaji wa filamu wa Uingereza, kwa The Red Shoes ya mwaka 1948 na rangi zake. Mimi nimekuwa nikitazama kazi zake za miaka ya 1930, zilizotengenezwa Uingereza kwa pesa kidogo na haraka, na ninazipenda kwa jinsi zilivyo, si kwa sababu ya alichokuja kukifanya baadaye.

Filamu hizi zilizaliwa na sheria. Sheria ya mwaka 1927 iliwalazimisha wasambazaji na wenye majumba ya sinema nchini humo kuwa na kiwango fulani cha filamu za Uingereza. Kampuni za usambazaji za Marekani zikaagiza filamu za kutimiza hesabu tu, na malipo ya kawaida yakawa pauni moja kwa futi ya mkanda. Powell alitengeneza zaidi ya 20 ndani ya miaka michache. Kadhaa zimepotea, jambo linaloniuma.

Rynox (1932) ina maneno mengi kuliko mwendo, lakini haifiki saa moja. Red Ensign (1934) ndiyo iliyonishika. Leslie Banks ni mwunda meli wa mto Clyde, Uskoti, wakati wa mdororo wa uchumi. Viwanda vimelala, yeye anang'ang'ania kuunda meli mpya ilhali wakurugenzi wenzake wanamkatalia. Naamini Powell aliijua hali hiyo vizuri, maana naye alikuwa akifanya kazi huku kila futi inahesabiwa.

The Phantom Light (1935) inachekesha na kutisha kwa pamoja. Gordon Harker ni mlinzi mpya wa mnara wa taa pwani ya Wales, na kuna watu wanaotumia taa ya uongo kupoteza meli. Tazama kamera inavyoipenda mitambo ya ile taa!

Halafu The Edge of the World (1937). Hii haikuwa ya kutimiza hesabu, ila bajeti bado ilikuwa finyu. Ilitokana na habari za wakazi wa St Kilda, Uskoti, waliohamishwa kisiwani kwao mwaka 1930. Powell alikataliwa kupiga picha huko, akaenda kisiwa cha Foula, katika visiwa vya Shetland kaskazini mwa Uskoti. Vijana wawili wanashindana kupanda jabali ili iamuliwe kama watu wahame au wabaki. Chini ni bahari tupu. Na uso wa John Laurie, baba asiyetaka kuondoka, sijaona wa kuulinganisha nao katika filamu za wakati ule.

Sauti ni ya kukwaruza na lafudhi ni nzito, kwa hiyo vaa vipokea sauti vya masikioni na uwashe manukuu ya Kiingereza yakiwepo. Anza na The Phantom Light, kisha The Edge of the World. Rynox iache mwisho, ukishanogewa.