Gereji ya breki pale Gungu: fundi aliyekataa kuniachia lori langu

Naandika haya kwa wenye malori ya zamani, hasa sisi tunaopakia mizigo njia ya Manyovu na kushuka nayo Kigoma mjini. Kuna gereji moja Gungu mnapaswa kuijua. Haina kibao. Ina mwembe mkubwa, ina shimo la kuingilia chini ya gari lililojengwa kwa tofali za kuchoma, na ina mzee mmoja ambaye kazi yake ni breki tu. Injini haigusi. Ukimpelekea gari lenye gia mbovu atakuelekeza kwa mwenzake.

Lori langu ni la marehemu baba. Ni la Kiingereza, pua ndefu, tani 5, na nimekuwa nikiliendesha mwenyewe tangu macho yake yalipoanza kufifia. Mwezi wa tatu nilipakia Kalinzi magunia 42 ya maharage na mikungu ya ndizi juu yake. Mpwa wangu ndiye tandiboi. Tuliondoka saa nane mchana, mvua ya asubuhi ilishakatika na lami ilikuwa kavu. Anayeijua njia ile anajua kwamba kutoka Kalinzi hadi Mwandiga ni kushuka, unapumzika kidogo, unashuka tena.

Kwenye mteremko mmoja kabla ya Bitale nilikanyaga breki nipunguze mwendo kwa ajili ya kona. Pedali ikaenda mpaka chini. Siku ambazo breki zina upepo pedali huwa inateleza kidogo halafu inashika. Hii haikushika popote, kama mguu unaotumbukia kwenye shimo gizani. Nikapampu mara tatu, mara nne. Hakuna kitu. Masta silinda ya lori hili, ile pampu inayosukuma oili ya breki ukikanyaga pedali, ni ya njia moja, inalisha magurudumu yote. Magari yaliyokuja baadaye yana njia mbili, moja ikipasuka nyingine inabaki. Langu likivuja mahali pamoja, limekosa breki kote.

Nilikuwa gia ya nne. Nikakanyaga klachi, nikatoa gia, nikaachia, nikapiga resi, nikakanyaga tena na kuingiza ya tatu. Injini ikapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwenye lori lile miaka yote. Mwendo ulipungua lakini si wa kutosha. Mbele yangu walikuwa vijana wawili wa baiskeli, kila mmoja amefunga mikungu nyuma mpaka baiskeli haionekani, wanashuka huku wakiburuza kandambili kwenye lami, maana ndiyo breki yao. Honi sikuiachia. Mpwa wangu alishafungua mlango aruke. Nikampigia kelele: "Kaa! Funga mlango! Vuta hendibreki, taratibu!" Hendibreki ya lori kuukuu ukiivuta kwa pupa magurudumu ya nyuma yanajifunga na gari linageuka ubavu, hasa likiwa na mzigo. Aliivuta kidogo kidogo mpaka mikono yote miwili ikawa inatetemeka.

Kushoto kulikuwa na ukuta wa udongo, pale kilima kilipokatwa barabara ilipojengwa. Nikalisogeza lori huko mpaka tairi la mbele likaingia mtaroni na ubavu wa bodi ukaanza kukwaruza udongo. Mbao tatu zilipasuka. Kioo cha pembeni kikaondoka. Tukasimama hatua kama ishirini nyuma ya wale vijana, ambao walikuwa wamejitupa upande wa pili na ndizi zao. Watu wa pale walileta mawe ya kuzuia tairi kabla hatujaomba. Mama mmoja akanipa maji kwenye kikombe cha plastiki, akanishika bega, hakusema neno.

Nilimpigia kwanza fundi niliyekuwa namtumia. Simtaji. Akaniambia nitafute paipu inayovuja, niipige nyundo mpaka ijifunge, nijaze oili, nishuke pole pole. Ni huyo huyo aliyenifungia paipu mpya miezi mitatu nyuma kwa shilingi 15,000, nami nikamshukuru kwa bei nafuu. Dereva wa Fuso aliyesimama kutusaidia ndiye aliyenipa namba ya mzee wa Gungu.

Mzee alikuja na bodaboda, jua limeshaelekea kuzama, ana kapu la zana na tochi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mmeumia?"

Nilipomwambia hapana, akaingia chini ya lori. Alikaa huko kama dakika kumi. Sauti ikatoka: "Nani alikufungia paipu ya friji?"

Akanionyesha. Paipu inayokwenda magurudumu ya nyuma ilikuwa shaba laini, ile wanayofungia majokofu. Breki hutakiwa paipu ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na mdomo wake hukunjwa mara mbili ili ukae imara kwenye nati. Huu ulikuwa umekunjwa mara moja tu. Akamulika tochi pale shingoni, kando ya nati. Sikuona kitu. Akaipinda kidogo kwa vidole na ufa ukafunguka, mwembamba kama unywele, umezunguka karibu nusu ya paipu. Alinieleza kuwa shaba laini inachoka: gari linatikisika, paipu inacheza, kila siku inakuwa ngumu zaidi pale pale kwenye shingo, na siku unapokanyaga kwa nguvu ukiwa na mzigo ndipo inakatika. Haitoi taarifa. Ndiyo maana asubuhi ile breki zilikuwa nzuri kabisa.

"Hili halishuki leo," akasema. Maharage tukayahamishia kwenye Fuso. Yeye akapima urefu wa paipu kwa kamba ya katani, akarudi mjini usiku ule ule, na saa mbili asubuhi alikuwa amefika tena na paipu ya chuma aliyoikunja mwenyewe. Akaifunga, akatoa upepo gurudumu moja moja, akaendesha yeye, gia ya pili mpaka Mwandiga. Lori lilikuwa tupu na bado hakuthubutu ya tatu.

Sasa niiseme gereji yenyewe. Kitu ninachokithamini kuliko vyote ni kwamba anakuonyesha. Kila alichokifungua alikiweka juu ya gunia safi chini ya mwembe, kwa mpangilio wa magurudumu, na aliniita niangalie. Gurudumu la nyuma kushoto halikuwa na breki kabisa: fundi fulani, miaka ambayo siikumbuki, aliipiga paipu yake nyundo ikabanwa kama ulimi. Tangu enzi za baba lori lile lilikuwa linavuta kulia ukikanyaga breki, na sote tuliamini ni tabia yake. Raba za masta zilikuwa zimevimba na kulainika, ukizibonyeza zinabaki na alama ya kucha. Alininusisha. Kuna aliyewahi kujaza oili ya kawaida kwenye kikombe cha breki, na oili ya injini inaziua raba hizo.

Oili ya breki yenyewe ilitoka nyeusi kama kahawa. Hapo mzee alikaa kwenye kigoda akanifundisha kitu ambacho miaka yote ya udereva sikukijua. Oili ya breki inavuta maji kutoka hewani. Ile ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya haichemki mpaka ifike nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishavuta maji inaweza kuchemka kwenye 140. Ukishuka mlima mrefu umekanyaga breki muda wote, joto la dramu, ile ngoma ya chuma ya gurudumu, linafika kwenye silinda, oili inachemka, inatoa mapovu, na mapovu yanabanika wakati oili haibaniki. Pedali inazama ingawa hakuna panapovuja. Kwa hiyo hata kama paipu ile isingekatika, alisema, mteremko wa Kalinzi ungenifikia kwa njia nyingine. Anabadilisha oili yote kila baada ya miaka miwili, na hakubali chupa iliyokwisha kufunguliwa, hata uilete wewe mwenyewe.

Siku ya sita nilimwomba anipe lori hivyo hivyo, likiwa na breki tatu. Nilikuwa na mzigo unaoningoja Matyazo na mwenye mzigo ananipigia kila saa. Wili silinda za nyuma, zile zinazosukuma breki ndani ya gurudumu, zilikuwa bado hazijafika kutoka Dar. Nilimsihi kweli kweli, nikamwambia nitakwenda gia ya pili njia nzima. Akafuta mikono.

"Lori ni lako mwanangu, lichukue. Lakini paipu zangu nitazifungua kwanza."

Nilikasirika, nikaondoka bila kuaga. Kesho yake nilirudi na chapati.

Kasoro zake nazisema pia. Aliniahidi siku tatu, zikawa tisa, na sehemu kubwa ya siku hizo ni kungoja spea kuja na basi. Spea za malori haya hapa kwetu hazipo, hilo namsamehe, lakini angeniambia siku tisa tangu mwanzo ningejipanga. Simu hapokei akiwa shimoni, na yuko shimoni kutwa. Risiti anaandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Mvua ikinyesha njia ya kuingilia inakuwa matope na lori zito linaweza kukwama, mimi nilikwama. Na si rahisi. Nililipa shilingi 715,000: wili silinda mbili 160,000, laini za magurudumu yote (zile zinazobana dramu) 180,000, paipu na nati 75,000, raba za masta 40,000, oili lita mbili 60,000, na ufundi 200,000. Magunia kadhaa ya maharage yalikwenda humo.

Siku ya kukabidhiwa ndiyo iliyonifanya niandike. Alifunga kipande cha karatasi nyeupe kavu kwenye kila nati ya paipu, zote, kuanzia kwenye masta mpaka nyuma. Akaniambia nikanyage pedali kwa nguvu zangu zote na nihesabu hadi 60 bila kuachia. Pedali ikizama pole pole, mahali fulani panavuja, hata kama ni ndani ya masta. Nilihesabu kwa sauti huku mpwa wangu akitazama. Haikuzama. Kisha tukazima injini, nikakanyaga mara nne kumaliza nguvu za bustaa, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki, nikashikilia, akawasha. Pedali ikashuka kidogo chini ya mguu wangu, na hiyo ndiyo dalili kwamba bustaa inafanya kazi. Halafu akaingia chini, akatoa zile karatasi moja moja na kunipa mkononi. Zote kavu, isipokuwa moja ya gurudumu la mbele kulia iliyokuwa na doa dogo kuliko punje ya ulezi. Mimi ningeliacha doa lile. Yeye akafungua nati, akakunja mdomo wa paipu upya, akatoa upepo tena, na tukaanza kuhesabu 60 upya. Saa mbili nyingine zikapita juu ya doa lile.

Tangu hapo nimepanda na kushuka Kalinzi zaidi ya mara ishirini. Lori halivuti kulia tena, na mara ya kwanza nilipofunga breki kwenye kona za Bitale nilihisi naendesha gari la mtu mwingine. Mama aliyenipa maji nilimpelekea sukari.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano ni ya zile siku sita alizozipunguza kwenye ahadi. Ukienda, mfikie kabla ya saa moja asubuhi, bila mzigo, na usijaze oili yoyote njiani, kwa sababu anataka kuiona ile iliyomo. Ukifika Gungu waulize bodaboda fundi wa breki chini ya mwembe, watakupeleka. Kebo yangu ya hendibreki, ile aliyoivuta mpwa wangu, imelegea tangu siku ile na haikuwemo kwenye kazi ya kwanza. Ameshaiagiza, na Jumatatu namrudishia lori.