Steshenari ya Kihesa inayotoa kopi ya ukurasa mzima

Wanafunzi wenzangu wa Iringa, hasa mnaosoma historia na ualimu: kama mnatafuta pa kutolea kopi za makala tunazopangiwa kabla ya semina, nendeni kwenye ile steshenari ndogo ya Kihesa yenye mlango wa bluu. Haina bango la jina. Imebandikwa karatasi tu: KOPI, KUPRINTI, KUBAINDI, na chini yake kwa kalamu nene, HATUANDIKI ASAIMENTI ZA WATU. Mwenye duka ni mama wa makamo. Ukiingia anakusalimu "kamwene", salamu ya Kihehe, hata kama umetokea Kagera, na usipojua kuitikia anakufundisha palepale.

Bei zake ni kama za wengine. Kinachomtofautisha ni mkono wake kwenye mashine. Anafungua kitabu, anakibonyeza mpaka maneno ya karibu na mshono yaonekane, halafu anapunguza ukubwa kidogo ili namba ya ukurasa na tanbihi za chini zisikatwe. Kabla ya sura uliyoagizwa anakutolea ukurasa wenye jina la kitabu na ule wa nyuma yake wenye mchapishaji na mwaka, uwe umeomba au hujaomba. Siku moja kaka mmoja alilalamika kwamba anaongezewa bili. Mama akamwambia, "Mwanangu, ukifika kwenye marejeo utamwandika nani?"

Swali hilo ndilo linalotutesa wengi mwaka wa kwanza. Kidato cha sita unajibu insha kwa utangulizi, hoja zako sita, hitimisho, na hakuna anayekuuliza hoja umeitoa wapi. Chuoni mwalimu anazungushia duara neno "inasemekana" na kuandika pembeni: na nani? ukurasa wa ngapi? Madesa, yaani notsi za kugawana zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, hayawezi kukujibu. Ni kurasa zisizo na mwandishi wala mwaka, zimepigwa picha na mtu mwenye haraka.

Muhula huu tulipangiwa kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani na Ujerumani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, pamoja na sura mbili kuhusu vita vya Wahehe na Wajerumani. Habari yenyewe mtu wa Iringa ameisikia tangu utotoni: Lugalo, Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani cha Zelewski kikasambaratishwa na yeye mwenyewe akauawa, ngome ya Kalenga ikaanguka 1894, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, akajiua 1898 asikamatwe, kichwa chake kikachukuliwa, na fuvu lililorudishwa 1954 lipo makumbusho ya Kalenga. Kwenye desa la grupu, kifungu hicho kilikatwa ikabaki sentensi moja tu, ile inayoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi 6. Ukisoma hiyo peke yake, unaandika kwamba washindi wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliwakumbuka Wahehe. Nusu ya semina iliandika hivyo.

Kopi ya mama ilikuwa na ukurasa mzima. Kabla ya Mkwawa, kifungu hichohicho kinataka Kurani ya Khalifa Othman, iliyoondolewa Madina na Waturuki, irudishwe kwa Mfalme wa Hejaz, huko Uarabuni. Kifungu cha juu yake kinadai nyara za Ufaransa. Cha chini yake kinadai vitabu kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji. Hapo fuvu la mtu wetu linaonekana lilipowekwa: katikati ya orodha ya madai ya washindi, na wa kukabidhiwa ni Uingereza, siyo ukoo wake. Miezi 6 ile ikawa zaidi ya miaka 30, mpaka Edward Twining, Gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, alipomkabidhi fuvu Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Insha yangu yote ilisimama juu ya swali la nani alikuwa anadai, na kwa niaba ya nani. Swali hilo nilipewa na ukurasa, sikulipata kwenye muhtasari wa mtu.

Ukimwomba, mama anaacha nafasi pana pembeni. Itumieni. Mimi nasoma aya, nageuza karatasi, naandika kwa Kiswahili nilichoelewa, na namba ya ukurasa hapohapo. Kiingereza cha insha kinafuata baadaye, na kinakuwa changu. Najua zipo sehemu mjini ambako unalipa na kuandikiwa kazi nzima usiku mmoja. Inaniuma kweli, kwa sababu wengi wetu tunakwenda kuwa walimu, na hao watoto tutawafundisha kusoma kwa kutumia nini?

Kasoro zipo. Mashine ya kopi ni moja, kwa hiyo wiki ya kukusanya kazi foleni inafika barabarani, na umeme ukikatika hakuna jenereta. Nendeni asubuhi mapema, bumu, yaani fedha zetu za mkopo, likiwa bado halijatoka. Kubaindi ni kwa pete za plastiki zinazokatika kabla muhula haujaisha. Kwa makala nene mwambieni atoboe tu, mfunge wenyewe kwa kamba kwenye faili.