Sensa za slebu: sawa, lakini mtu asimame kwa miksa

Najenga floo tatu huku Kiamunyi, Nakuru, na tukikaribia slebu ya kwanza Julai injinia akanishawishi nichukue sensa za konkriti. Kampuni siitaji jina. Elfu tisa kila moja, nikachukua tatu.

Kitu chenyewe ni kadogo, kanafungwa kwa chuma na baindingi waya kabla ya kumwaga, halafu kanabaki humo ndani milele (usiulize kama kanarudishwa, mimi niliuliza wakanicheka). Kazi yake ni kupima joto, ukisimama juu ya slebu na simu apu inavuta data, inapiga hesabu ya joto na masaa, inakuambia konkriti imefika nguvu gani.

Na baridi ya Nakuru usiku wa Julai mnaijua, konkriti ikipigwa na hiyo baridi inakomaa polepole. Siku ya saba fundi ashaanza kushika nyundo atoe mbao, ati "mama hii imekauka, igonge usikie", kucheki apu asilimia 54 ya nguvu inayotakiwa. Nikakataa kabisa. Mbao zikatoka siku ya 14, miti ya katikati ikabaki. Hapo nilisema pesa yangu haijaenda bure.

Sensa moja poka (ile mashine ya kutetemesha konkriti ishikane) iliigonga tukimwaga, ikanyamaza hapo hapo, na hawakurudisha hata shilingi.

Lakini kitu kiliniudhi ni hii. Sensa haijui nguvu, inajua joto tu, hiyo nguvu ni hesabu iliyotokana na kiubu (vipande vya konkriti vya majaribio) za mchanganyiko wetu walizovunja kwa leb mapema. Sasa vijana wakiona konkriti ni ngumu kusukuma na wilbaro wanaongeza ndoo ya maji, na hayo maji yanaidhoofisha, niliwaona na macho yangu upande wa ngazi, nikapiga kelele wakati imeshamwagwa. Sensa ya huo upande ilionyesha nguvu zaidi kuliko ile nyingine! Kwa bahati injinia alikuwa amechukua kiubu za hiyo miksa, siku ya 28 zikavunjika kwa nguvu ya 17 N/mm² na tulikuwa tunataka 25. Kupigia jamaa wa sensa: "Madam, data iko sawa." Iko sawa aje?

Nyota tatu. Wiki ijayo wanakuja watu wa kutoboa slebu watoe kipande kipimwe, na hiyo bili pia ni yangu.