Kitabu cha Profesa Burghardt kuhusu mchezo wa wanyama: waongoza watalii wa Arusha na Moshi, kitafuteni

Naandika hii hasa kwa wenzangu tunaoongoza wageni, ila hata kama we ni mtu wa kupenda wanyama tu soma. Kitabu kinaitwa The Genesis of Animal Play, mwandishi ni Gordon Burghardt wa Chuo Kikuu cha Tennessee kule Marekani, kilitolewa na MIT Press mwaka 2005. Kina karibu kurasa 500 na bei yake imesimama kweli, mi nilimwagiza mtu aliekuwa anarudi nyumbani akanibebea. Nyota tano, na ningekuwa na uwezo wa kutoa sita ningetoa.

Sababu ni hii. Sisi huku simba tunamjua, tembo tunamjua, mgeni akiuliza kwanini watoto wa simba wanavutana mikia tuna maelezo ya nusu saa. Ila ikija kwa mjusi, kobe au nyoka, wengi tunataja jina, tunasema ana sumu au hana, gari linaondoka. Ukienda pale Meserani Snake Park njia ya kutokea Arusha kwenda Makuyuni unawaona wote hao kwa karibu, koboko, swila, chatu, mamba, kobe, na watu wanapita kwenye kioo kama wanapita kwenye picha za ukutani. Huyu mzee amewakalia viumbe hawa hawa maisha yake yote ya kazi, na akawauliza swali ambalo hakuna aliekuwa anajisumbua kuwauliza: hivi nyie mna akili ya namna gani, na je mnacheza?

Alichukua shahada yake ya udaktari Chuo Kikuu cha Chicago 1966, na kazi iliyomtambulisha ilikuwa ya vitoto vya nyoka wanaoitwa garter, nyoka wadogo wa Amerika ambao wanazaa, hawatagi. Sikilizeni alivyofanya maana ni kitu cha kijiti na pamba tu. Anachukua kitoto ambacho tangu kizaliwe hakijawahi kula chochote, anachovya pamba kwenye maji yaliyolowekwa minyoo, nyingine kwenye maji ya samaki, nyingine maji matupu, anaisogeza taratibu mbele ya pua, alafu anahesabu ulimi umetoka mara ngapi na kama kitoto kimeruka kuuma. Akakuta vitoto vya aina inayokula minyoo vinachachamaa kwa harufu ya minyoo, vya aina inayokula samaki vinachachamaa kwa samaki, na hakuna aliyewafundisha, hata mama hayupo kwenye hadithi. Hiyo ilitoka kwenye jarida la Science 1967. Tangu nisome hiyo kila nikisimama na mgeni mbele ya nyoka anaetoa ulimi namwambia asiogope, huo ulimi hauumi, anaokota harufu hewani anaipeleka kwenye kiungo kiko juu kwenye paa la mdomo, hapo alipo anakunusa wewe. Mgeni anabadilika sura kabisa, anataka kukaa tena.

Hakuishia kwa nyoka. Yeye na mkewe walilea watoto wawili wa kike wa dubu weusi wakiandika kila hatua ya ukuaji wao, na Panama alikaa na wenzake kuangalia vitoto vya iguana vikitoka mashimoni, vinachungulia, vinatulia, alafu vinaondoka kwa makundi sio kila mmoja na njia yake, na hiyo waliichapisha 1977. Kwahiyo akisema mnyama anaetambaa ana maisha ya ndani na ya kijamii haongei kutoka kwenye kiti cha ofisini.

Sehemu iliyonishika kuliko zote ni ya Pigface. Huyu alikuwa kobe wa majini wa Mto Nile, wale wa gamba laini, aliishi miaka mingi kwenye bustani ya taifa ya wanyama kule Washington. Akawa anajijeruhi mwenyewe kwa kucha. Wakamuwekea mipira, mpira wa bomba la maji, duara la kupita katikati, na mzee wa watu akaanza kuvisukuma kwa pua, kuvivuta, kupita ndani ya duara na kurudi tena na tena, na kule kujiumiza kukapungua. Burghardt na wenzake walichapisha habari yake 1996. Nikisoma hapo nilifikiria kobe wangapi nimewaona kwenye mahoteli wamewekwa kwenye kajieneo ka saruji na majani ya kabichi, basi, miaka na miaka, na sisi tunasema kobe ndo alivyo, mvivu. Mnisamehe lakini hili linaniuma. Mpira wa chandimu ni shilingi ngapi?

Sasa hapa ndo thamani ya kitabu. Hakubali tu kusema "anacheza" kwasababu ameona kitu kinachekesha, ameweka masharti matano na yote lazima yatimie. Kitendo kisiwe na faida kamili ya wakati ule ule, yani sio kula wala kukimbia adui. Kiwe cha hiari, mnyama anakifanya kwa kukipenda chenyewe. Kitofautiane na kile cha kweli, kiwe kimetiwa chumvi au kimekatika katikati au kimekuja kabla ya umri wake. Kijirudie, ila sio kujirudia kwa mnyama aliechanganyikiwa kwenye kizimba. Na la mwisho, mnyama awe ameshiba, mzima, hana hofu.

Chukua yule mjusi wa pale geti la Naabi, la kuingilia Serengeti, mwenye kichwa cha pinki na mwili wa bluu, kila gari likisimama wageni wanampiga picha anapiga pushapu juu ya jiwe na wanasema anacheza. Mpitishe kwenye masharti. Dume yuko kwenye eneo lake, anawaonyesha madume wengine na majike kwamba jiwe lina mwenyewe, faida ipo pale pale, kwahiyo la kwanza tu limemtoa. Hiyo ni kazi, sio mchezo. Na ukimueleza mgeni hivo anakuheshimu zaidi kuliko ungemchekea.

Mbona wanaotambaa wanacheza kwa nadra? Jibu lake mi nimelipenda sana: mchezo unatokea pale penye ziada. Mtoto wa simba ananyonya, analindwa, mwili unajipasha joto wenyewe, nguvu inabaki. Mtoto wa koboko akitoka kwenye yai hana mama wa kumlisha, joto anaomba jua, pumzi inaisha haraka, ziada ataitoa wapi? Ndo maana anaeishi majini ana nafasi zaidi, maji yanambeba, kujongea hakumgharimu sana. Ukielewa hapo huwezi tena kumwita nyoka mjinga, ni bajeti yake ndogo.

Na kuna jambo halimo kitabuni kwasababu limekuja baadae, ila ni la kwetu kabisa. Mwaka 2015 yeye na wenzake wawili walichapisha habari za samaki madume wa aina ya Tropheus duboisi, hawa asili yao Ziwa Tanganyika, waliokuwa kwenye tangi lenye kipimajoto cha kuelea chenye uzito chini. Samaki anakigonga, kinainama, kinasimama tena, anakigonga tena, chakula kiwepo kisiwepo anaendelea. Samaki wa Kigoma jamani!

Kasoro? Kiingereza chake ni kigumu, na sura za mwanzo za nadharia zitakuchosha kama huna mazoea, mi nashauri uanze na zile zinazopita mnyama mmoja mmoja, mamalia, ndege, wanaotambaa, samaki mpaka pweza, alafu ndo urudi mwanzo. Pia usitegemee picha nzuri za kumuonyesha mgeni, sio kitabu cha hivo.

Nani anunue: wanafunzi wa Mweka, kile chuo cha wanyamapori, wanaofuga kobe kwenye lodji, na muongoza watalii yoyote anaetaka wageni wake wakae dakika ishirini kwa kobe bila kuangalia simu. Changieni wawili watatu mkinunue pamoja kama bei inawabana, na kwenye gari wekeni nakala ya yale masharti matano, mi nimeyaandika kwa mkono nimeyabandika nyuma ya kioo cha jua.